Ukipotea, Simama Ulipo

Zulekha alishuka kwenye stesheni ya treni ya Gare du Nord, mkoba ameukumbatia kifuani, kama mwanawe alivyomfundisha kwa simu mwaka mzima: Maman, mkoba mbele. Kila kituo huku kina majina mawili, la Kifaransa na la Kiflamandi, usitishike. Ukipotea, simama ulipo, nitakuja kukuchukua.

Yote aliyashika. Alipokosa njia ya kutokea, akasimama kando ya nguzo, viatu alivyotumiwa na mwanawe vikimbana vidole.

Rafiki wa mwanawe, macho mekundu, akamkuta hapo.

“Pole, Maman. Bon, twende. Watu wamefika, na bila wewe hatuwezi kuanza arobaini ya mutoto wako.”

Zulekha akaukaza mkoba.

“Nenda tu, papa. Mimi nimepotea. Aliniambia nisimame hapa.”