Mji Ndani ya Diski Mpya

“Hamisha vyote,” nesi alimwambia mumewe, mikono kiunoni. “Usiniachie hata barabara moja humu ndani.”

Mumewe, fundi makochi, alijikunyata mbele ya kompyuta kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Kompyuta hiyo waliinunua ili achoree mitindo ya makochi. Yeye akaweka mchezo wa kujenga mji, akajifanya meya, na tangu hapo kochi la mteja lilikaa sebuleni springi nje, likitia aibu mbele ya wageni. Jana mteja alimpigia simu nesi kumuuliza kama mumewe ni mgonjwa. Hapo uvumilivu ukamshinda.

Wakapatana hivi: mchezo haufutwi, ila unahamia kwenye diski mpya aliyoinunua nesi mwenyewe, na diski itakaa kazini kwake mpaka kochi limalizike. Fundi alikubali shingo upande.

“Mke wangu, nihurumie leo tu. Kule mchezoni mafuriko yanakuja jioni hii, na ukuta haujazibwa upande wa soko. Mji wangu wote utazama!”

“Watajijua.” Nesi akainamia skrini. “Hili jengo jekundu ng’ambo ya mto ni nini?”

“Hospitali.”

“Na watu wote wanaishi huku? Yaani mjamzito avuke daraja lote hili na uchungu wake? Meya gani wewe!”

“Ndiyo ramani ilivyo,” fundi alinung’unika.

Nesi alisonya, akaenda chumbani kutafuta viatu. Fundi akapata upenyo. Kwenye skrini yalikuwepo maneno mawili jirani, hamisha na nakili. Kidole chake kililiruka la kwanza, kikatua kwenye la pili. Mchezo mzima ukaanza kumiminika kwenye diski, na mchezo huohuo ukabaki palepale ulipokuwa. Kisha akaifuta ile picha ndogo ya kuufungulia. Asiyejua angeapa kwamba umeondoka.

Nesi aliporudi, mstari wa kijani ulikuwa umefika mwisho. Alikagua skrini, akaridhika.

“Nikiichomeka kwingine, mchezo utafunguka? Nisije nikakutunzia kopo tupu.”

“Utafunguka vizuri tu. Mji wenyewe uko mtandaoni. Unaweka neno la siri, unakuta kila kitu kama ulivyokiacha.”

“Basi neno la siri nalo nipe.”

“La nini tena?”

“Kwani ukimkabidhi mtu nyumba, unabaki na ufunguo?”

Fundi alimwandikia kiganjani, uso umemshuka, moyoni anacheka hana mbavu. Ufunguo ulio kichwani nani atamnyang’anya? Nesi aliitia diski kwenye mkoba, akamwachia onyo la mwisho kuhusu kochi, akatoka kwa mwendo wa haraka kuliko kawaida yake. Leo alikuwa na zamu ya mapokezi, na alisema hakutazamia wagonjwa wengi.

Fundi alishona mto mmoja, ili dhamiri isimsumbue. Wa pili ulimshinda. Aliupenda mji ule, na hakuona sababu ya kujidanganya. Kila alipoingia, watu wake walimpungia mkono, jambo ambalo mteja wake hata mmoja hakuwahi kulifanya. Sasa maji yalikuwa njiani na wao wako sokoni wananunua vitu, hawana habari. Aliwaonea huruma kwelikweli.

Alasiri ilipoingia, alifunga mlango kwa komeo, akavuta pazia, akaketi. Alipekua mafaili hadi akaupata mchezo pale alipouacha, mzima wa afya. “Pole sana, mke wangu,” alijisemea, akisugua viganja. “Mji umehama, meya hajahama.”

Akaweka neno la siri. Skrini ikawa nyeusi kwa muda, naye akashika kipanya tayari kuuziba ule ukuta. Kisha maandishi meupe yakajipanga taratibu:

“Samahani. Mji huu unatumika kwenye kompyuta nyingine. Ukuta umeshazibwa. Meya anaihamishia hospitali karibu na soko.”