Mkono wa Mzazi

Mradi wa sayansi wa binti ulikuwa umefika pazuri. Daraja lilishafungwa mota, linapanda na kushuka bila kukwama, na baba yake, mhandisi wa madaraja kwa kazi, alikuwa amepiga magoti kwenye zulia akiipuliza gundi ili ikauke. Binti mwenyewe alikuwa kwenye kochi, anapaka kucha rangi.

"Baba, hapo pembeni pamepinda kidogo," alisema.

"Wapi? Hapa?" Baba akainama kwa adabu, akanyoosha.

Huo haukuwa mradi wa kwanza. Baba alianza na volkano iliyotema povu jekundu mpaka kwenye pazia. Binti akaenda nayo shule, akarudi mikono mitupu na uso wa msiba: mwalimu ameikataa, eti volkano zimepitwa na wakati. Baba akasaga meno, akatengeneza kichujio cha maji. Nacho kikaanguka kwenye ngazi za shule, kikavunjika vipande vipande, maskini. Mtu mwingine angekata tamaa. Huyu alifurahi kama mtoto aliyeongezewa likizo, akaenda kununua mbao.

"Hivi huo mradi ni wa nani hasa?" mkewe alimuuliza, akiruka misumari kwenda jikoni.

"Wa mwanao. Mimi namwelekeza tu."

"Naona. Umemwelekeza mpaka vidole vyako vimegandana."

Ukweli ni kwamba baba alikuwa anakitafuta kwa udi na uvumba Kikombe cha Ubunifu, tuzo ya mradi bora shuleni kwa binti. Alisoma shule hiyohiyo, na miaka yote aliyokaa pale, kazi yake siku ya sherehe ilikuwa kuwapigia makofi wenzake. Jambo hilo lilimuuma hadi leo, mtu mzima na mvi zake. Kwenye kabati la sebuleni alishasogeza vikombe vya chai ili kupata nafasi ya kikombe cha maana.

Siku ya kusherehekea mafanikio ya wanafunzi ikafika. Mafanikio yalikuwa mengi kiasi cha kutia mashaka. Timu ya mpira ilipewa cheti cha nidhamu, kwa kuwa mabao haikupata. Timu ya mdahalo ilipongezwa kwa kushika nafasi ya pili katika mashindano ya shule mbili. Kwaya iliimba, ikapigiwa makofi ili inyamaze, ikadhani inaombwa kurudia. Kijana mmoja alizawadiwa kwa kutokosa shule hata siku moja, ila siku hiyo hakuja. Wazazi walipiga picha kila kitu, hata viti.

Kisha mwalimu mkuu akasogelea kipaza sauti kwa ajili ya zawadi za ubunifu, akavaa sura ya ukali.

"Naomba tuelewane. Mradi wowote utakaobainika umeguswa na mkono wa mzazi unafutwa papo hapo, na mwanafunzi aliyehusika anarudishwa nyumbani wiki mbili."

Akina baba kadhaa walitia mikono mifukoni.

"Nafasi ya tatu: kichujio cha maji!"

Msichana mrefu akapanda jukwaani na kichujio chake. Baba alikodoa macho. Mpira ule wa kijani wa kupitishia maji aliufahamu; aliukata mwenyewe kutoka kwenye bomba la kumwagilia bustani yake.

"Hicho si ndicho..." mkewe alianza.

"Wameniiga," baba alinong'ona. "Watoto wa siku hizi hawana haya."

"Nafasi ya pili: volkano!"

Volkano ikatema povu jekundu, lilelile, mpaka kwenye viatu vya mwalimu mkuu. Mwenye nayo alikuwa mvulana mnene ambaye hakuonekana kujua inazimwaje. Jasho likaanza kumtoka baba. Hata hivyo akajipa moyo: daraja lilikuwa bado, na binti alikuwa palepale kando ya jukwaa, sare imepigwa pasi, anatabasamu.

"Na mshindi wa Kikombe cha Ubunifu mwaka huu ni... daraja linalopanda na kushuka!"

Baba alikuwa ameshasimama, mikono juu, kabla hajaona kwamba anayekwenda kupokea kikombe ni kijana mwenye miwani asiyemjua kabisa.

Daraja likapanda, likashuka. Halikukwama hata kidogo.

"Mzazi," mwalimu mkuu alimwita kutoka jukwaani, "una swali?"

Ukumbi mzima uligeuka. Maswali yalikuwa yamemjaa mpaka kooni. Lakini kila alilotaka kulitamka lilianzia kwenye zulia la sebuleni kwake, na kuishia kwa binti kukaa nyumbani wiki mbili.

"Hapana, mwalimu mkuu," alisema. "Nawapongeza tu vijana."

Akawapigia makofi washindi wote watatu, kwa uchungu ambao hakuwahi kuuonja hata enzi zake za shule. Mkewe alimvuta koti akaketi.

"Mwaka huu tuna zawadi mpya," mwalimu mkuu aliendelea, akijifuta povu viatuni. "Mjasiriamali Chipukizi. Inakwenda kwa mwanafunzi aliyewauzia wenzake vifaa vya masomo muhula mzima, bila mtaji wowote, na hakuna mteja hata mmoja aliyelalamika."

Binti akapanda jukwaani. Alipokea cheti kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, na mwalimu mkuu akamwomba awaambie wenzake siri ya mafanikio yake.

"Siri ni kupata fundi mzuri," alisema kwenye kipaza sauti, kwa heshima zote. "Wangu ni mmoja tu, anajituma sana, na hajawahi kuniuliza mshahara."