Visiwa Ndani ya Sinia

Tarehe tatu Machi, asubuhi ilikuwa na mawingu mazito na hapakuwa na upepo. Wanawake wa kikundi walikutana kupanga namna ya kuvirudishia mikoko visiwa vidogo vya horini. Mfano wa visiwa hivyo walikuwa wameufinyanga kwa tope ndani ya sinia.

Mwanamize ndiye aliyelea miche kitaluni kwa miaka sita. Hata hivyo, kikundi kilimchagua wifi yake, Shemsa, aongoze mpango, kwa kuwa alijua kuzungumza na wageni. Mwanamize alimwonea wivu.

Shemsa alichomeka mbegu za mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, upande wa bahari. "Hapa miche elfu mbili," alisema. "Au wifi yangu ana neno? Leo umenuna kama uliyelishwa ndimu!"

Wanawake wakacheka. Mwanamize alijua kuwa mkandaa hauvumilii maji mengi, na miche yote ingekufa. Angenyamaza tu, Shemsa angeaibika, na wazo hilo lilimfurahisha. Akamwomba Mungu amwondolee furaha ile.

Kisha akazing'oa mbegu, moja baada ya nyingine, akazichomeka upande wa bara. "Huko mbele panda mlilana, ndio mkoko unaostahimili maji," alisema.

"Jana nilikuonyesha mpango huu, wifi. Mbona hukuniambia?" Shemsa aliuliza.

"Nilitaka ushindwe."

Hakuna aliyecheka. Mwanamize akaweka kiganja chenye tope kifuani. "Nyote mnanisikia. Kila maji yatakapokupwa nitakwenda visiwani kupanda na Shemsa, na yeye ndiye atakayeongoza."