Herufi za Asumini

Sudi alikwenda arusini kula pilau na, kwa siri, kuiona kazi yake ikitembea. Kanga ya Bi Mwanakheri, mama wa bibi arusi, aliichora yeye. Herufi za kawaida zilikuwa zimemchosha, basi maneno ya kanga ile akayaandika kwa herufi alizobuni mwenyewe, zilizojikunja kama vikonyo vya asumini na kuchanua nchani. Wachoraji wenzake walimpigia makofi.

Maneno yenyewe yalikuwa: "Nimekosa, dada. Nifungulie mlango." Bi Mwanakheri na dada yake, Bi Rukaya, walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya baba yao. Mdomo wa Bi Mwanakheri ulikuwa mzito; kanga ingemsemea.

Bi Rukaya alipoingia, watu walimpisha njia. Bi Mwanakheri akageuka taratibu, maneno yakawa wazi nyuma yake. Dada mtu akasogea, akayakodolea macho, akatafuta. Aliona maua. Aliona na mgongo.

"Hata leo," alimwambia jirani yake kwa sauti ndogo, "kaniita aje anipe mgongo mbele za watu."

Akajifunika buibui lake, akatoka.

Sudi, aliyeketi karibu, alisikia, akalirudisha tonge siniani. Ilimpasa ainuke, amkimbilie, amsomee. Badala yake alijiinamia kwenye sinia.

Pale uani Bi Mwanakheri alikuwa bado hajageuka. Alikuwa akilinyoosha pindo kwa viganja viwili, lisije likakunjamana kabla dada yake hajamaliza kusoma.