Uji wa Baba Eliamani

Je, wewe ungejiandika nani kwa mgonjwa wako: mlezi au mwangalizi? Nakijwa alipoletewa fomu ya huduma ya wagonjwa hakusita. Mlezi ni wa watoto, akasema moyoni, na mume wake, aliyepooza mikono na miguu tangu masika, alikuwa fundi mwashi, mtu mzima na heshima zake. Akaandika mwangalizi, akavishwa bangili ya huduma hiyo.

Asubuhi akapika uji wa mtama, akautia maziwa na tangawizi, akaupoza kwa kuumimina kikombe hadi kikombe, kama mumewe alivyoupenda. Kijiko kilipokaribia midomo, bangili ikalia na mkono wake ukafa ganzi mpaka begani. Uji ukamwagika shukani.

"Samahani, mama," ikasema bangili kwa sauti tamu. "Mwangalizi hamgusi mgonjwa. Kulisha na kukumbatia ni kwa mlezi tu. Mashine inakuja kumlisha."

"Weh! Miaka arobaini namlisha mimi, leo nimtazame kama picha ukutani?"

"Unaweza kubadilisha uwe mlezi, mama. Ila mgonjwa akubali mwenyewe kuandikwa mtoto, na akishaandikwa, neno lake halitasikilizwa tena popote."

Mashine ilikwisha fika mlangoni, mrija wake umetangulia. Mumewe, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuomba hata maji, aliutazama ule mrija, kisha akamtazama mkewe.

"Mama Eliamani," akasema polepole, "niandike mtoto. Unilishe wewe."