Tarehe Haijafika

Ripoti ya tatu ilikuwa na maneno yale yale: "Programu inakataa tarehe ya kifo. Inasema tarehe haijafika. Naomba mrekebishe."

Yasinta aliisoma mara mbili, kisha akamgeuzia Swalihu kioo cha kompyuta. "Ni yule yule Silvano. Wa ile zahanati binafsi, njia ya Hombolo."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 2004, kwenye intaneti kafe ya Swalihu pale Chang'ombe. Siku za kazi Yasinta alikuwa karani wa masjala serikalini, Jumamosi alijitolea. Programu yenyewe ilikuwa ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Haikuwa na mwenyewe. Waliiandika watu wa nchi mbalimbali bila malipo, na kila aliyetaka aliruhusiwa kuifungua, kuisoma na kuitengeneza. Zahanati zilizoitumia zilituma malalamiko kwa barua pepe, na wao wawili wakayachambua: haya ni makosa ya programu, yaende kwa mafundi, haya ni makosa ya mtumiaji, yajibiwe hapa hapa.

La Silvano walikuwa wamelijua tangu mwanzo. Umeme ulikuwa wa kukatika ovyo, na betri ndogo ya kompyuta ikifa, saa yake hubaki nyuma. Mgonjwa amefariki leo, mashine inadhani bado ni juzi, itakubalije? Yasinta ndiye aliyemwandikia mara ya kwanza: aiangalie saa, na kama hawezi kuirekebisha, asubiri siku mbili tatu, aingize tena.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. "Asante sana, dada. Nimesubiri mpaka Alhamisi, imekubali."

Yasinta akaandika "limekwisha", akaendelea na mengine. Mwezi uliofuata ikaja ya pili, ya mgonjwa mwingine. Silvano akasubiri tena, ikakubali tena. Sasa hii.

"Mwambie abadilishe betri," Swalihu alisema.

"Nimeshamwambia. Anasema saa yake iko sawa."

"Wote husema hivyo."

Yasinta alitabasamu, lakini kitu kilimkaa rohoni asijue ni nini. Masjala ilikuwa imemfundisha kwamba faili likirudi mezani mara tatu, lina neno. Akachukua betri moja kwenye droo ya Swalihu, akaitia mkobani, akaaga.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya bati katikati ya mashamba ya zabibu, mbali na jirani yeyote. Upepo wa Julai ulikuwa ukirusha vumbi. Ndani mlikuwa na vitanda sita na wagonjwa watatu, wazee watupu, wa wale ambao ndugu zao huwaleta mara moja na wasirudi. Vitanda vingine vitatu vilikuwa vimetandikwa shuka safi, tayari. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu ilikuwa kali mpaka machoni.

"Shikamoo, bibi," Yasinta alimwamkia mmoja wao, aliyekuwa ameketi kitandani akinywa uji.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kututazama?"

"Nimekuja kutazama kompyuta, bibi."

Bibi akacheka, akarudia kikombe chake.

Silvano alikuwa mwanamume wa makamo, koti jeupe, kucha fupi, sauti ya chini. Alimkaribisha kwenye chumba kidogo kilichopakana na wodi, akamvutia kiti.

"Umejisumbua, dada. Ningesubiri tu, kama ulivyonielekeza. Ila mimi sipendi viporo. Karatasi zangu napenda zimalizike mapema."

"Poleni kwa msiba," Yasinta alisema.

"Kazi ya Mungu."

Yasinta akaketi, akaiwasha mashine, akaifungua saa. Jumamosi, tarehe 17 Julai 2004, saa tano na dakika ishirini. Akatazama saa yake ya mkononi. Akatazama kalenda ya ukutani. Hata dakika haikupishana. Akaizima mashine, akachomoa waya, akangoja kidogo, akaiwasha upya. Saa ilikuwa pale pale ilipotakiwa kuwa. Betri ilikuwa nzima.

Akaona haya kidogo. Mtu wa watu alikuwa akisema kweli miezi yote hiyo, na wao wakamfanya hajui kazi. Basi kosa lilikuwa la programu, na lilipaswa kwenda kwa mafundi siku hiyo hiyo.

"Samahani sana, kaka Silvano. Hebu ingiza tena kama unavyoingiza siku zote, nione inakokwamia."

Silvano akainama juu ya bega lake, akaandika taratibu kwa vidole viwili, bila kukosea hata herufi. Jina: Emilia Matonya. Umri: miaka sabini na tisa. Kitanda: namba tano. Sababu ya kifo: moyo kusimama. Tarehe ya kifo: Jumatatu, 19 Julai 2004.

Kioo kikaandika: Tarehe haijafika.

"Unaona?" Silvano alisema kwa upole. "Kila mara inanifanyia hivi."

Yasinta alilitazama lile jina kwa muda. Kisha akalisoma kwa sauti, polepole, kama alivyozoea kusoma majalada masjala.

"Emilia Matonya."

"Abee," bibi mwenye kikombe cha uji akaitikia kutoka wodini. "Mmeniita?"