Chumvi ya Kiganjani

Bi Shemsa alidondosha mchuzi kiganjani, akaulamba. Hakupata kitu. Akaongeza chumvi, akalamba tena. Ulikuwa kama maji ya ndotoni, unayanywa na kiu haikatiki. Hata harufu ya iliki siku hizi ilimjia kwa mbali, kama sauti ya mtu anayeita nyumba ya tatu.

Alipochota chumvi nyingine, Raya, mke wa mwanawe, akamshika mkono taratibu. Wiki nzima Raya alikuwa akimaliza sahani yake kimya, kisha anakwenda mtungini kunywa maji, kata baada ya kata. Bi Shemsa alikuwa akimsikia, akidhani ni joto.

Sasa akaitazama chumvi iliyo mkononi mwake.

“Mbona hukuniambia, mwanangu?”

“Ningeanzia wapi, mama?” Raya akakinga kiganja chake. “Nitilie mimi.”

Bi Shemsa akairudisha chumvi koponi, akamimina tui kidogo chunguni, akakoroga, akamdondoshea tone moja. Raya akalamba, akafumba macho. Mvuke ukapanda baina yao. Bi Shemsa akauinamia uso ule wa Raya, karibu kabisa, akaanza kuonja kwa macho.